Gego la pauni 23 na peni 80

Usiku ule nilikuwa nimekaa jikoni gizani, karafuu mbili nimezibana kati ya gego na shavu. Ilikuwa saa tisa za usiku, Bristol, Oktoba 2021. Karafuu zenyewe nilizitoa kwenye mkebe wa viungo vya pilau, nikazitafuna kidogo kidogo kama alivyonifundisha bibi yangu, mpaka ulimi ukaanza kuchoma na jino likanyamaza. Linanyamaza dakika ishirini, linaanza upya. Anayeyajua maumivu ya jino sina cha kumweleza, na asiyeyajua Mungu amwepushie. Hayana adabu kabisa. Ukilala yanapanda, ukikaa yanapanda, ukiinama kufunga kamba za viatu unasikia moyo unadunda ndani ya taya.

Asubuhi yake nilikuwa na shifti. Nafanya kazi ya kutunza wazee, ile tunayoiita kea, na wazee hawaahirishwi kwa sababu wewe umevimba shavu. Lakini sikuwa na wasiwasi sana. Nilijiambia niko Uingereza, nchi ya NHS, ile huduma ya afya ya umma, nchi ambayo mtu anapasuliwa moyo bila kuulizwa pochi iko wapi. Jino ni kitu gani?

Nililala na jino lile usiku kumi na moja.

Nimezaliwa Maji ya Chai, barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja isizidi miligramu 1.5, na sisi tumekua tukinywa mara kadhaa ya kiwango hicho, tena tukaongezea magadi kwenye maharage na makande. Ndiyo maana meno yetu yana rangi ya kahawia. Mtu wa kwetu akicheka Dar es Salaam haulizwi kwao ni wapi. Pale Ngurdoto, karibu na nyumbani, kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nilipofika Uingereza nikasikia kwamba Birmingham wameanza kutia floraidi kwenye maji ya bomba tangu 1964 ili meno ya watoto yasioze, nilicheka peke yangu. Sisi tunachoma mifupa kuitoa, wenzetu wanainunua kuitia. Wao wanatia kipimo kidogo, na hapo ndipo tofauti ilipo, ila kichekesho kinabaki palepale.

Sasa, huduma ya meno niliyokua nikiiona ilikuwa moja tu: kung'oa. Kwenye hospitali tuliyokuwa tukienda kulikuwa na kiti cha meno, na kazi ya kiti kile ilijulikana. Hakuna aliyeingia mle akatoka na jino alilokwenda nalo. Baba yangu alipofika miaka arobaini na tano alikuwa anatafunia upande mmoja, na nyama choma alikuwa akikatiwa vipande vidogo kama vya mtoto. Wala hakulalamika. Jino bovu kwetu linafanyiwa kama mgomba uliokwisha kuzaa, unaukata, maisha yanaendelea. Kwamba jino linaweza kuuma, likafunguliwa, likasafishwa mizizi, likazibwa, na likaendelea kutafuna miaka ishirini, hilo nililisikia nikiwa mtu mzima.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba nilipokaa na simu na orodha ya kliniki za meno za Bristol, nilikuwa na matumaini ya mtu aliyehama.

Wenyeji wa Bristol wana tabia moja nzuri. Hata mtu asiyekujua, hasa akiwa mama wa makamo, anaweza kukuita "mpenzi wangu" bila maana yoyote. Asubuhi ile nilikataliwa na wapenzi kumi na saba. "Pole mpenzi, hatupokei wagonjwa wapya wa NHS." "Orodha ya kusubiri tumeifunga, mpenzi." Mmoja alinicheka kidogo, si kwa dharau, kama mtu anayemsikia mgeni akiulizia treni iliyofutwa miaka ya nyuma. Na karibu kila mmoja alimalizia kwa sentensi hii: ukitaka kulipia binafsi, tuna nafasi kesho saa nne.

Sentensi hiyo niliitafakari kuliko maumivu. Daktari yupo, kiti kipo, nafasi ipo, kesho saa nne. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa. Nilidhani mimi ndiye niliyekosea namna ya kutafuta. Mwaka uliofuata, Agosti 2022, BBC walipiga simu nchi nzima wakakuta kliniki 9 kati ya 10 zenye mkataba wa NHS hazipokei mtu mzima mpya. Nilipoisoma habari ile nilijisikia afueni ya ajabu, kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye kwamba haigizi.

Nikapiga 111, namba ya ushauri wa afya. Je, uso umevimba mpaka jicho limefunga? Unaweza kumeza mate? Mdomo unafunguka vidole vingapi? Majibu yangu hayakuwa mabaya vya kutosha. Nikapewa dawa za kutuliza kwa mdomo wa simu, na siku kadhaa baadaye nikapata nafasi ya dharura Weston-super-Mare, mji wa pwani, safari ya treni. Nilikwenda nimejifunga skafu shavuni kama bibi wa zamani.

Daktari alikuwa dada kijana, lafudhi yake si ya Kiingereza, macho yamechoka. Aligonga jino kwa mpini wa kioo chake, nikaruka. Akapiga picha. Akaniambia mambo kwa utaratibu, na namshukuru kwa hilo. Jino lenyewe halijafa sana, alisema, mzizi ndio umeshambuliwa, linatibika. Kisha akanyamaza kidogo. "Hii ni miadi ya dharura. Naweza kulifungua nikaweka dawa ya muda, lakini kulimalizia itabidi uwe na kliniki yako. Unayo?" Sina. "Basi baada ya wiki chache litarudi." Kama ni kutibu kwa malipo binafsi, pauni 650 hivi. Kama ni kung'oa, sasa hivi, kwa ada ya dharura ya NHS, pauni 23 na peni 80.

Kima cha chini cha mshahara mwaka ule kilikuwa pauni 8.91 kwa saa, na mimi nilikuwa palepale kwenye kima. Nikapiga hesabu nikiwa nimelala chali, taa imenimulika. Saa 73. Saa 73 za kuosha watu, kuvisha watu, kusukuma viti vya magurudumu, ili nibaki na jino moja.

"Ling'oe," nikasema.

Ganzi ilishika upesi. Gego halikutoka upesi. Kuna mlio ambao mtu anausikia kupitia mfupa, si kupitia sikio, mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Alipomaliza aliliweka kwenye kitambaa, nikaomba nilione. Lilikuwa na shimo upande mmoja tu. Pande tatu zilikuwa ngumu, nzima, na rangi yake ya kahawia ya Maji ya Chai. Meno yetu mabaya kwa sura, lakini lile lilikuwa na nguvu bado. Nilirudi na treni nikiwa nimeuma pamba, nikimfikiria baba.

Mama aliponipigia jioni na kunisikia nazungumza kwa nusu ya mdomo, akauliza, "Baba, huko nako wanang'oa?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata miezi baadaye, nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada. Kanisani kwetu kuna dada Mkenya, muuguzi wa meno. Nilimsimulia, akacheka kwa uchungu, akachukua kalamu. "Kaka, ngoja nikuchoree."

Tangu Aprili 2006, akaeleza, kliniki ya meno England hailipwi na NHS kwa kila kazi inayofanya. Inalipwa kwa pointi, wenyewe wanaziita UDA, na kila mwaka inapewa idadi ya pointi za kutimiza. Kukagua meno ni pointi 1. Meno ya bandia au kofia ya jino ni pointi 12. Katikati hapo kuna kapu moja kubwa lenye pointi 3. Akaandika:

"Kuziba jino moja, 3. Kuziba meno sita, 3. Kung'oa, 3. Kutibu mizizi ya gego, saa moja na nusu, pengine urudi mara ya pili, 3."

Akainua macho. "Ungekuwa wewe ni mwenye kliniki, ungefanya nini?"

Na ile dharura yangu? Pointi 1.2.

Thamani ya pointi moja nayo haikuwa sawa kwa wote. Ilipangwa kwa kuangalia kliniki ilifanya kazi gani mwaka mmoja tu, kati ya 2004 na 2005, ikagandishwa hapo. Kliniki mbili za mtaa mmoja zinaweza kulipwa bei tofauti kwa jino lilelile. Nilipofanya hesabu zangu, kwa pauni 25 kwa pointi, yule dada wa Weston aliiletea kliniki yake pauni 30 hivi kwa kuning'oa jino: ganzi, picha, glavu, msaidizi, umeme, na mshahara wake mwenyewe humo humo. Hasira niliyokuwa nayo juu yake, kama nilikuwa nayo, iliishia pale.

Watu wakisikia bajeti imekatwa hufikiria mkasi: waziri anasimama, anasoma, kitu kinafutwa. Kwenye meno ya England haikuwa hivyo. Fungu la huduma ya meno lilibaki karibu pauni bilioni 3 mwaka baada ya mwaka, tangu serikali ilipoanza kubana matumizi mwaka 2010. Halikufutwa. Lilisimama. Mume akimwachia mkewe elfu kumi ya sokoni mwaka 2010, na mwaka 2023 akamwachia elfu kumi ileile, kwenye daftari hajapunguza hata senti. Sufuria ndiyo inayojua. Taasisi ya Nuffield Trust ilipopiga hesabu za sufuria hiyo, Desemba 2023, ilikuta thamani halisi ya fedha za meno imeshuka kwa zaidi ya pauni milioni 500 ikilinganishwa na mwaka wa fedha 2014/15.

Kilichopanda ni anacholipa mgonjwa. Mwaka 2010 kukaguliwa ilikuwa pauni 16.50, na meno ya bandia pauni 198. Aprili 2025 zilifika pauni 27.40 na pauni 326.70. Wapo wasiolipa: watoto chini ya miaka 18, wajawazito na waliojifungua ndani ya mwaka, na wenye kipato cha chini wanaopokea misaada fulani. Lakini ukikosea kujaza fomu, ukadhani umesamehewa kumbe hukusamehewa, unatumiwa barua ya faini ya hadi pauni 100 juu ya ada. Wazee wengi na wahamiaji wanaiogopa barua hiyo kuliko sindano.

Halafu kuna kituko ambacho mpaka leo nikikisimulia watu wananikatalia. Pamoja na foleni zote hizo, pesa zinabaki. Kliniki isipofikia asilimia 96 ya pointi zake, inarudisha fedha. Madaktari wakikimbilia kazi binafsi, pointi hazitimizwi, fedha zinarudi, na zikirudi zinatumika kuziba matundu mengine ya NHS. Mwaka wa fedha 2022/23 zilirudi pauni milioni 400 hivi. Ni kama kijiji chenye njaa kinachorudisha magunia ghalani kwa kuwa wapishi wamehama.

Kanuni ya pointi ilirekebishwa Novemba 2022, miaka kumi na sita tangu ianze, na mwaka mmoja baada ya gego langu kwenda zake: mtu mwenye meno matatu au zaidi ya kutibu ni pointi 5, mizizi ya gego ni pointi 7. Yule dada muuguzi alinitumia habari hiyo kwa WhatsApp akaweka emoji ya jino. Nikamjibu kwa emoji ya kaburi.

Mimi nina afya na mdomo wa kuomba. Wale ninaowatunza hawana hivyo.

Alikuwepo bibi mmoja, miaka themanini na nane, aliyewahi kufundisha piano. Meno yake ya chini yalikuwa ya bandia, na ufizi ulikuwa umesinyaa kwa uzee, kwa hiyo meno yakawa yanacheza kila anapoongea. Yalimchubua. Siku moja alipokwisha kunywa uji akayatoa, akayafunga kwenye leso, akayaweka chini ya mto, na toka siku ile akakataa kuyavaa. Kumrekebishia seti ile si kazi ya ajabu. Lakini hatembei, na kliniki ya kumpokea haipo, na huduma ya daktari anayetembelea majumbani ina foleni yake. Tuliomba. Tukaomba tena. Jikoni wakaanza kumsagia chakula. Mtu aliyekuwa akidai kipande cha mkate uliokaushwa kila asubuhi, ukavu wake uwe wa kusikika, akawa analetewa bakuli la rangi moja. Baada ya mwezi akawa haongei mezani, kwa sababu bila meno maneno yake hayakueleweka na alikuwa mwanamke mwenye kujistahi. Kwenye fomu tulijaza: hamu ya kula imepungua.

Nilipoanza kazi hii nilifundishwa kumnyanyua mtu bila kujivunja mgongo, nikafundishwa kuzima moto, nikafundishwa kunawa mikono kwa hatua. Meno hayakutajwa. Kumpigisha mtu mzima mswaki nilijifunza kwa kukosea: usisimame mbele yake kama unayetaka kumpiga, kaa ubavuni, mkono wa kushoto ushike kidevu kwa upole, dawa ya meno iwe punje ya maharage maana hawezi kutema, na kwanza mwonyeshe mswaki aushike mwenyewe. Mwaka 2019 wakaguzi wa huduma za afya England, CQC, walitoa ripoti juu ya vinywa vya wazee kwenye nyumba za matunzo. Asilimia 52 ya nyumba walizotembelea hazikuwa na sera yoyote ya kutunza vinywa, na asilimia 47 hazikuwafundisha wafanyakazi. Kinywa kichafu kwa mzee anayepaliwa ni njia ya kwenda kwenye nimonia, na kitanda cha hospitali kwa nimonia kina bei yake. Hiyo haiandikwi kwenye fungu la meno.

Daktari wa kutembelea alikuja hatimaye, mtu mwema mwenye sanduku la magurudumu. Ilikuwa mwezi wa nane tangu tuombe. Ile seti ya chini ya mto haikumkaa tena kabisa, ikabidi apimwe upya, na bibi alikuwa amefika mahali ambapo hakukubali mtu amwingize kitu mdomoni.

Wazee wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nikiwa pale niliona pia kwamba hata hilo la pembe lina saa yake. Ukilichelewesha, mdomo unakuwa umeshafungwa.

Nimejiuliza kwa nini meno. Kwa nini kila serikali ikibanwa inashika hapo kwanza. NHS ilianza Julai 1948 na meno yakiwa bure kama figo na mapafu. Watu walijazana, kwa sababu nchi nzima ilikuwa na vinywa vibovu. Mwaka 1951 waziri wa fedha, Hugh Gaitskell, akihitaji fedha za silaha wakati wa vita vya Korea, akaweka malipo ya nusu ya gharama kwa vitu viwili: miwani na meno ya bandia. Aneurin Bevan, mwasisi wa NHS yenyewe, akajiuzulu uwaziri kwa ajili hiyo. Yaani nyufa ya kwanza kwenye ule ukuta mkubwa ilipita mdomoni. Nadhani ni kwa sababu jino haliui haraka. Figo ikikatiwa fedha mtu anakufa na gazeti linaandika. Jino likikatiwa fedha mtu anatafunia upande wa pili.

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani. Nilikuwa na jino jingine, la juu, limeanza kunong'ona, na safari hii sikusubiri lipige kelele. Nilitafuta kliniki binafsi mjini Arusha, nikatibiwa mizizi kwa safari mbili, laki mbili na nusu, kama pauni 90 hivi. Watu wa ughaibuni tunafanya hivyo wengi, wengine wanakwenda Uturuki, tunarudi na meno yaliyotengenezwa kama wengine wanavyorudi na dagaa na unga wa dona. Nilitaka kujivunia, ila kaka yangu alikuwa amenisindikiza, na yeye pia alikuwa na gego bovu.

Nikamwambia nitakulipia, litibiwe.

"Laki mbili na nusu?" Akanitazama kama nimepatwa. "Jino moja kwa bei ya mbuzi?" Akakaa kwenye kiti, akang'olewa, akatoka na pamba mdomoni, na njia nzima akawa ananyoosha kidole kwenye mbuzi waliokuwa wakipita pembeni mwa barabara, hawezi kucheka vizuri.

Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kwetu ni bora. Mwenye pauni za Bristol anatibiwa Arusha, na asiye nazo anang'olewa, Arusha na Bristol vilevile. Tofauti ni kwamba kwetu hatujawahi kuwa na kile wenzetu walichokuwa nacho kisha wakakiacha kinywee.

Februari 5, 2024 nilikuwa natoka shifti ya usiku. Naishi Easton, na basi langu linapita jirani na St Pauls, mtaa wenye Wajamaika, Wasomali, na sisi wengine wa kila pembe. Niliona watu wamepanga mstari unaozunguka kona. Kwanza nilifikiri ni msiba, au simu mpya. Kisha nikawaona polisi. Nikashuka.

Kliniki ya meno iliyokuwa imefungwa Juni 2023 ilikuwa imefunguliwa upya, baada ya wakazi kupiga kelele miezi mingi, na ilikuwa inaandikisha wagonjwa wa NHS. Basi. Hicho ndicho kilichowatoa mamia ya watu kwenye baridi ya Februari. Mbele yangu kulikuwa na mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa. Alinisikia nikizungumza na simu akanigeukia, "Kumbe we Mswahili?" Alikuwa na watoto watatu, mdogo alikuwa amelala mgongoni. Watoto hawalipi, alinieleza, wote ni bure, "lakini bure ya nani, mwanangu, kama mlango hauko?" Mkubwa wake, miaka saba, alikuwa amekwisha kulazwa hospitali akatolewa meno manne kwa dawa ya usingizi. Sikumwambia, maana haikuwa mahali pake, lakini kuoza kwa meno ndiyo sababu kuu ya watoto wa England wa miaka 5 hadi 9 kulazwa hospitalini. Maradhi yanayozuilika kwa mswaki na kukaguliwa mara mbili kwa mwaka yanangojwa mpaka yawe kazi ya chumba cha upasuaji.

Nyuma yetu kijana mmoja alikuwa akisimulia jinsi alivyojiziba jino mwenyewe kwa kile kidude cha duka la dawa, na watu wakawa wanampa ushauri, wengine walikwishajaribu. Mwaka uliotangulia, kwenye kura ya maoni ya YouGov, mtu 1 kati ya 10 alisema amewahi kujitibu meno mwenyewe, na kamati ya afya ya bunge ikasema ni jambo lisilokubalika kabisa kwa karne ya 21. Kijana yule alikuwa kwenye karne ya 21 hiyohiyo, na jino lake lina saruji.

Wiki ileile serikali ikatangaza mpango: pointi isilipwe chini ya pauni 28, nyongeza kwa kila mgonjwa mpya, pauni 20,000 kwa daktari atakayekubali kwenda kwenye maeneo makavu, yasiyo na madaktari wa meno. Baadaye wakaja wengine madarakani na ahadi ya miadi 700,000 ya dharura kila mwaka. Miadi ya dharura naijua. Ndiyo iliyochukua gego langu.

Mimi siku ile sikukaa mstarini hadi mwisho. Usingizi ulinizidi, na kwa kweli niliona aibu kumtangulia mtu mwenye watoto watatu. Kliniki yangu niliipata mwaka jana tu, upande mwingine wa mji, mabasi mawili. Nililipa pauni 27.40. Daktari, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Leicester, alinifungua mdomo, akatulia, kisha akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Wakainama wote wawili. "Floraidi," mmoja akasema, kama mtu aliyekutana na ndege aliyemsoma vitabuni. "Wapi nyumbani?" Nikasema Tanzania, Arusha. Akatingisha kichwa kwa furaha, akasema meno haya ni magumu, huwezi kuyaonea.

Kisha akaanza kuyahesabu kwa sauti ili msaidizi aandike kwenye kompyuta, moja moja, upande wa juu kulia kwanza. Lipo. Lipo. Lipo. Akazunguka juu, akashuka chini kushoto, lipo, lipo, kioo kikagusa ufizi mtupu.

"Sita, halipo," akasema. Nikasikia kibodi ikigongwa. Akaendelea na saba.